Maksai wa Mama Vitus

Jumamosi ya pili ya Novemba, saa nane na dakika tano mchana, Shigela alikuwa amekaa juu ya mkokoteni nyuma ya zizi la baba yake kule Kasense, maana mtandao ulishika hapo tu. Alikuwa kwenye mashindano ya poka ya mtandaoni. Watu arobaini walijiandikisha. Kila mmoja alianza na chipu elfu tatu za kuchezea, iwe kwao kuna ng'ombe thelathini au wawili. Kwao Shigela walikuwa thelathini.

Alianza kama alivyozoea: karata mbovu anatupa, anangoja nzuri. Lakini poka haikungojei bure. Zamu ikikufikia unaweka mchango wa lazima, utake usitake, na kila baada ya dakika kumi mchango unapanda. Shigela alipokatwa chipu mara ya kwanza, ndama mwekundu aliyekuwa akinyonya zizini akawa hayupo. Hakuruka uzio wala hakuibwa. Mama wa ndama alibaki amesimama, chuchu zinadondosha maziwa.

Mzee Mboje alikuwa pembeni anasuka kamba. Akainua macho.

"Yule mwekundu kaenda."

"Nimekatwa, baba."

"Haya, cheza vizuri basi," mzee akasema, akaendelea na kamba yake.

Ilipogonga saa tisa na nusu walikuwa wamebaki ng'ombe kumi na mmoja. Mahari ya Evodia, mchumba wake, ilikuwa kumi na watano, imeshakubaliwa, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshakunywa pombe yake. Shigela aliingiwa na hofu, tena hofu ya kijinga, ile ya kumfanya mtu atupe hata karata nzuri. Alitupa malkia wawili. Ng'ombe wakawa kumi.

Mzee Mboje akaja akaegemea gurudumu la mkokoteni.

"Huwezi kuacha?"

"Nikiacha naondoka bila kitu. Mpaka abaki mtu mmoja."

"Na zawadi?"

"Wa nane kurudi juu ndio wanapewa. Tumebaki kumi na wawili."

Mzee akatafuna ulimi kidogo. Karata hakuzijua, lakini alikuwa amewaswaga ng'ombe tangu Shinyanga mpaka Rukwa kwa miguu, na watu waoga aliwajua. "Hao wanne watakaotoka kabla ya wa nane, hakuna anayetaka kuwa mmoja wao. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wote hapo wamejikunyata kama wewe. Sasa wewe unajikunyata ili iweje? Wapandishie dau. Wataachia."

Jamani, hiyo ndiyo siri ambayo watu huilipia masomo, na mzee aliitoa huku anachokonoa meno. Shigela akaacha kuangalia karata zake, akaanza kuangalia watu. Mwenye chipu nyingi alimwacha apite. Mwenye chache sana naye alimwacha, huyo hana cha kupoteza, anaweza kukurukia. Wale wa katikati, wanaohesabu pumzi mpaka wafike wa nane, ndio aliowapandishia dau kila zamu, na saba na mbili mkononi, karata mbovu kuliko zote. Wakatupa karata. Wakatupa tena.

Langoni wakaanza kuingia ng'ombe. Waliingia kwa mwendo wa kawaida, mmoja mmoja, wana alama za watu wasiojulikana kwenye mapaja. Mmoja alikuwa amelowa mpaka tumboni, na Kasense ilikuwa haijanyesha. Baadhi ya wachezaji kwao hakukuwa na ng'ombe, hivyo ilifika pia pikipiki, na friji yenye maji ndani, bado ya baridi. Mzee Mboje akayanywa.

Wakabaki tisa. Yaani mmoja tu atoke, wengine wote wapate zawadi. Hapo ndipo Shigela alipohamishiwa meza nyingine na kukuta jina la VitusMazwi upande wake wa kushoto.

Vitus alitengeneza baiskeli kule Mazwi. Walisoma dawati moja. Mama yake, Albina, ndiye aliyewapa akina Mboje mahali pa kukaa mwaka walipofika, wakati watu wengine hawakutaka kusikia habari za wafugaji. Tena aliwaazima maksai wake wakalima shamba la kwanza. Maksai hao walikuwa wawili, Katekista na Kengele, na kwao Vitus hapakuwa na kingine cha kuhesabu.

Ujumbe ukaingia kwenye simu. "Mshikaji, nipitie mbali. Nimebakiza kidogo. Atoke mmoja tu."

Shigela akamwonyesha baba yake. Mzee akausoma taratibu, midomo ikimcheza.

"Huyo ni wa katikati?" akauliza.

"Ni wa katikati."

Mzee akaenda kufungua lango vizuri.

Shigela alijua kabisa anachofanya, tusimtetee. Alikuwa na tano na tatu. Akapandisha dau. Vitus alikaa mpaka sekunde zake zikakaribia kuisha, akatupa karata pamoja na mchango aliokuwa ameshauweka, na Kengele akaingia zizini akiwa na nira shingoni, upande wa pili wa nira ukiburuta chini. Zamu iliyofuata Vitus akaweka tena mchango wa lazima, ukamla karibu zote. Shigela akapandisha tena, Vitus akatoka wa tisa, bila zawadi. Katekista akaja, mdomo umejaa povu la kazi.

Kufika saa kumi na mbili Shigela alikuwa wa kwanza. Zizini palikuwa na ng'ombe hamsini na saba.

Albina alifika kabla jua halijazama, miguu ina udongo mpya wa shambani.

"Shikamoo, mama," Shigela akasema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu." Akasimama kwenye uzio. Katekista na Kengele wakageuza masikio. "Nilikuwa kwenye mfereji wa nne. Plau ikaangukia mguu wangu."

"Pole, Mama Vitus," akasema Mzee Mboje.

"Nimeshapoa."

Shigela akamvuta baba yake pembeni. "Baba, tumrudishie. Wawili tu."

"Tukirudisha wawili, kesho watakuja wenye wale wengine wote. Watatuacha na nini? Evodia utamwoa kwa friji?"

Aibu ilimchoma Shigela, lakini akarudi naye kwenye uzio.

Albina naye hakuwadai. Alitazama mawingu yaliyojipanga upande wa ziwa, akasema, "Baba Shigela, mvua imeshafika. Niazime maksai nilime."

"Chukua tu, mama. Utaratibu si unaujua?"

Aliujua. Yeye ndiye aliyewafundisha mwaka ule: anayeazima maksai huanza kwa kulima shamba la mwenye maksai, likiisha ndipo anaenda kwake.

Jumatatu asubuhi Shigela akafungua lango. Albina akaita majina, maksai wakamjia bila fimbo. Alilima shamba la Mzee Mboje akichechemea, mifereji imenyooka kama alivyozoea kulima kwake. Mchana akauliza kama kina kinatosha. Mzee akasema kona ile iongezewe kidogo. Akaongeza.

Alimaliza jua likiwa limeshazama. Akawafungua nira, na Katekista na Kengele wakatembea wenyewe mpaka zizi la Mboje, wakaingia.

"Basi kesho nianze kwangu," akasema Albina.

Shigela akaangalia vidole vyake. "Kesho, mama, jirani yetu Gaudensi ameshawaomba."

Albina akatikisa kichwa kukubali, akaegesha plau ukutani, akauliza siku ya Gaudensi ikipita zamu ni ya nani.