Mkono Kwenye Komeo

Nyumbani walimwita Bi Kalamu, na jina lenyewe walimpa kwa kejeli. Miaka minne anaandika riwaya moja! Sasa zilibaki kurasa tatu tu, na hizo tatu zilimchosha kuliko zote zilizotangulia. Jamani, kuchoka kupo, lakini huku kulikuwa kuchoka kwa kuketi asubuhi, kuitazama karatasi, kisha kuinuka kwenda kufua pazia lisilo chafu.

Mhariri alikwisha sema: "Dada, wasomaji hawapendi kuachwa njia panda. Yule mume aliyemwacha mkewe karudi au hakurudi? Nataka jibu Ijumaa, la sivyo hatuchapi." Na leo ni Alhamisi.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kila sura alimsomea shangazi yake, dobi, aliyeshinda chumba cha uani akipiga pasi. Shangazi hakusifu wala hakukosoa. Pasi ikiendelea na safari yake, sura imekufa, irudi ikaandikwe upya. Pasi ikisimama, imepona. Sura ya nne ilirudi mara tisa.

"Haya, lete hiyo mikia yako," shangazi akasema, maana safari hii Bi Kalamu alikuja na miisho mitatu.

Akasoma mwisho wa kwanza: mume anarudi, wanalia, wanasameheana. Pasi ikaenda zake, kola, mkono, mgongo. Akasoma wa pili: harudi, mke anazeeka peke yake. Pasi ikaenda.

Wa tatu, ukweli usemwe, aliuandika kwa kukosa nguvu za kuamua. Mlango unagongwa. Mke anaweka mkono kwenye komeo. Basi.

Pasi ikasimama. Ikasimama juu ya shati jeupe la mteja mpaka moshi ukapanda. Miaka yote ya kazi yake, shangazi hakuwahi kuunguza hata leso.

"Shangazi! Shati!"

Shangazi akaichomoa plagi. "Nani huyo mlangoni?"

"Sijui."

"Hujui nini? Si wewe uliyemweka hapo?"

"Nimechoka, shangazi. Nimechoka kuwaamulia watu maisha yao."

Shangazi akajibwaga juu ya furushi la nguo. Ukoo mzima uliijua habari yake: mumewe aliaga anakwenda kutafuta kazi, akapotea jumla. Kila msiba, kila arusi, watu walimhurumia kwa hilo.

"Alirudi," akasema.

"Nani?"

"Mume wangu. Mwaka wa saba, mchana, wewe uko shule. Akagonga. Nilimjua kwa kukohoa kwake. Nikaweka mkono kwenye komeo, vilevile ulivyoandika. Akagonga mpaka akachoka, nikamsikia anaondoka."

"Mbona hukufungua?"

"Nilikuwa nampenda bado, usidhani. Lakini ningefungua, ningeanza tena kuogopa ataondoka lini. Sikuwa na nguvu za kuogopa tena." Akajifuta uso kwa shati lililoungua. "Wacha wanihurumie. Siri ya mtungi aijuaye kata. Sasa umeijua na wewe. Usiiandike."

"Siiandiki, shangazi."

Usiku ule akampelekea mhariri mwisho wa tatu. Ijumaa simu ikalia.

"Dada, nimeusoma huu mwisho. Mbona mlango haukufunguliwa? Kwani mwenyewe unajua kilichotokea?"

"Najua."

Alijua, kwa mara ya kwanza katika miaka minne. Sentensi ilikuwa imeshamkaa ulimini, nzuri kuliko zote alizowahi kuandika.

"Sasa si uiandike! Mstari mmoja tu, tupeleke mtamboni."

"Siiandiki."

"Basi hatuchapi."

"Basi nirudishieni mswada wangu."

Akakata simu, akalia kidogo, maana hata kulia sana kunataka nguvu. Miaka minne imekwenda na maji, hivi hivi. Akanawa uso, akaenda uani.

"Wamesemaje?" shangazi akauliza bila kuinua macho.

"Wamekubali. Vilevile ulivyo."

"Hawakuuliza nani yuko mlangoni?"

"Hawakuuliza."

Shangazi akashusha pumzi, akacheka kama mtu aliyetuliwa gunia. "Ehee! Nilijua tu, kichwa unacho. Haya, usibweteke, anza kingine. Kesho nina mashuka matupu, kazi ya usingizi hiyo. Utanisomea?"

"Nitakusomea," akasema Bi Kalamu, na kichwani hakuwa na hata neno moja.