Domitille Arudi Majini

Mwaka 2001, vita vikiendelea Ituri, wakubwa wa Bunia waliandaa shindano la kuogelea baina ya shule, wakaliita la amani. Domitille, mwanafunzi wa tano sekondari, alikuwa amefanya mazoezi miezi saba kwenye pisini, bwawa la kuogelea la misheni. Yeye na wenzake ndio waliozoa tope kwa ndoo, maana askari walizoea kuoshea pikipiki zao humo.

Siku ya shindano, kwenye pisini hiyo hiyo, walitakiwa kwenda mara nane, ukuta hadi ukuta. Domitille aligusa ukuta wa mwisho, akageuka, akamwona Didier, mpwa wa komanda wa askari walioshika mji, bado yuko katikati. Tena Didier alikuwa amegeuka mara mbili bila kugusa ukuta, na kila mtu aliona.

Mwamuzi akatupa jicho kwenye kiti cha komanda, kisha akatangaza: "Wa kwanza, Didier!"

Miezi saba ya asubuhi za baridi, leo inafutwa kwa neno moja la mtu mwoga!

Gauthier, mwalimu wake wa michezo, alimshika bega. "Nyamaza, mwanangu. Hawa batu iko na bunduki."

"Prof, weye mwenyewe ulinifunza: usipogusa ukuta, haukufika. Leo ukuta imehama?"

Gauthier akaondoa mkono begani mwake.

"Didier!" Domitille akaita. "Tuanze tena, miye na weye, mbele ya bote!"

Didier akatazama vidole vya miguu yake.

Basi Domitille akajitosa peke yake, aanze zile nane upya. Mikono ilikuwa mizito kama kuni mbichi. Mara ya tatu, askari alianza kutembea sambamba naye ukingoni. "Toka mu mayi!"

Hakumjibu. Kujibu ni kupoteza pumzi, na pumzi ndiyo aliyofunzwa kuitunza. Kila alipofika ukutani aliupiga kofi, pa!

"Cinq!" ilisikika sauti moja ikihesabu mara ya tano. Ni Emerance, msichana wa shule nyingine, aliyemaliza wa tatu. "Six!" wakaitikia watu wa upande wake. Ya saba na ya nane zilihesabiwa na uwanja mzima. Askari alisimama, asijue la kufanya. Komanda akainuka, akapanda gari lake, akaenda zake.

Medali alibaki nayo Didier. Jumatatu mkuu wa shule alimfukuza Domitille wiki nzima, eti hana heshima.

"Andika sababu, Monsieur le Préfet," alimwambia, amesimama wima. "Andika: tunamufukuza juu alifika wa kwanza."

Mkuu hakuandika neno. Adhabu haikuondolewa.

Wiki hiyo yote, alfajiri, Domitille alikuwa pisini. Siku ya tatu Gauthier alikuja amebeba ndoo, uso chini.

"Nilipaswa kusema," alinong'ona.

"Ndiyo, Prof. Ulipaswa."

Domitille alivuta pumzi, akaruka majini.