Alama Tatu kwenye Simu ya Kananu

Saa nne kasoro kumi, kabla chai na nduma hazijaletwa, nyuki wa kwanza alitua begani kwa Kananu. Mkutano wa wauguzi ulikuwa Embu, kwenye ukumbi wa viti vya plastiki vya kijani. Daktari Mwirigi alikuwa akieleza kwamba mtoto aliyezaliwa kabla siku hazijatimia akae kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi.

Kananu na Teresia ni wakutubi wa chuo kimoja huko Meru. Daktari akitaja jambo, Teresia anatafuta utafiti unaolithibitisha, Kananu anauweka mtandaoni ili wauguzi wa zahanati za mbali nao wausome. Kwa kila muuguzi aliyeusambaza, nyuki mmoja alikuja. Kufikia saa tano Kananu alikuwa nao mia mbili na kumi. Aliyekaa nyuma yake alimwomba tu asogee kidogo, haoni ubao.

Kwa Teresia hakutua hata mbu.

"Kananu, weka na jina langu," Teresia alisema.

"Herufi zimejaa, Mama Gikunda."

"Na lako limeingiaje?"

"Langu hujiandika lenyewe, hapo juu. Kwani unataka jina ama unataka watoto wapone?"

Teresia alitaka vyote viwili. Miaka kumi na tisa anatafuta, na huyu ana miwili tu, na kucha za rangi.

Marehemu baba yake, mzee Mbogo, alitundika mizinga kule Muthara, na kila mzinga aliukata alama tatu za ukoo, ili asali imjue mwenyewe. Basi Kananu alipoenda kunawa mikono, Teresia alichukua kisu cha matunda, akakata alama tatu kwenye kava ya simu ya Kananu, iliyobaki kitini.

Nyuki walihama bila fujo. Kufikia saa tisa walikuwa wamejenga sega zima ndani ya kiondo cha Teresia.

"Hao ni wangu," Kananu alisema, amenuna.

"Soma alama."

Mwenyekiti alisimama kufunga mkutano. Alimshukuru Daktari Mwirigi kwa utafiti wote uliofika hadi zahanati za Kibirichia, akasema asali ni ya daktari. Watu walipiga makofi.

"Na nyinyi wa maktaba," aliongeza, "mmoja atutafutie mkebe."

Teresia aliupata upesi, tena wenye kifuniko. Kwa kutafuta, hana mwenzake.