Mpira Uliopakwa Sifa

Mukhtari, fundi wa mashua wa kisiwa cha Koyama, hakuweza kuona kitu kinakauka akakiacha. Ubao ukianza kupasuka kwa chumvi, huupaka sifa, yale mafuta ya ini la papa, ukang'aa. Ndivyo alivyoufanya mpira wa dadake.

Mpira ulikuwa wa marehemu Aboud, mume wa dada huyo, Khairat; alikuwa golikipa. Mwaka timu yao ilipotwaa kombe Kismayo, wachezaji wote waliutia saini. Leo wengine wako makaburini, wengine Mombasa, wengine Ulaya huko. Khairat aliuweka kwa kakake kwa kuwa paa lake mwenyewe limeoza, na mvua ikinyesha hulala ameketi. Sasa amepata wa kuununua, aezeke.

Mnunuzi, Idris wa Mombasa, akakaa mkekani kwa Khairat. Mukhtari akaufunua mpira kwa madaha, kama anayemfunua bibi harusi.

"Haya! Utasema mpya!"

Harufu ilitangulia. Idris akajiziba pua. "Mzee wangu, huu mpira ama papa?"

Khairat akacheka. Kisha akaona: wino umetapakaa, majina yamekuwa madoa.

"Si uoshwe?" akauliza.

"Ukioshwa, na hicho kilichobaki kitatoka. Kitu cha saini hakipakwi, bibi. Hata vanishi safi hukishusha thamani, maana nani atajua wino ni wa siku ile, ama umeandikwa jana ukafunikwa? Bora wino ungeachwa ubanduke hivyo hivyo. Huu siwezi kuuchukua. Nani aliyeupaka?"

Mukhtari akafungua mdomo.

"Mimi, mwanangu," Khairat akasema. "Mchu mzee kama mimi hajui kitu."

"Ah, bibi! Umeifuta timu nzima!"

Khairat akajichekesha. Mukhtari akainamisha kichwa, masikio yanamwaka. Alikuwa na nafasi ya kusema, akaiacha ipite. Idris alipokwisha kuvaa viatu ndipo akamfuata mlangoni.

"Si yeye. Ni mimi."

"Najua, mzee. Mikono yako ndiyo inayonuka. Nilikuwa nangoja tu."

Mukhtari akarudi ndani. Khairat alikuwa anakiburura kitanda kukiondoa chini ya tundu la paa, mawingu yamekwisha kufunga. Akashika upande wa pili, wakakisogeza, wala hakuthubutu kumtazama usoni.