Madaftari ya Machogu Kutoka Bradford

Tangu kaka yake aache kuandika barua, Tryphosa hakuweza kukaa mahali pamoja akatulia. Akisahihisha kazi za wanafunzi, aliinuka kila baada ya kurasa chache akaenda dirishani. Akipika, aliacha sufuria motoni akatoka kutazama barabara ya Nyamache, kana kwamba mtu aliyeko Uingereza angetokea tu pale kwenye kona na begi begani. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa Kiingereza wa darasa la tano na la sita, na bado hajaolewa, jambo ambalo shangazi zake walimkumbusha kila Sabato baada ya ibada.

Kaka huyo, Machogu, aliondoka mwaka 1964. Alikuwa kijana wa kwanza wa mlima wao kwenda ng'ambo. Kanisa zima lilichanga, wengine kuku, wengine mikungu ya ndizi, ili akasomee mawasiliano ya redio na zile mashine mpya za kukokotoa zinazoitwa kompyuta. Baba yao, Mzee Ongeri, hakujua kompyuta ni kitu gani, lakini alilitamka neno hilo polepole na kwa heshima, kama mtu anayebeba yai. Miaka miwili ya kwanza barua zilikuja kila mwezi. Baadaye zikawa za mwisho wa mwaka tu. Kisha, tangu mwaka 1968 umalizike, kimya.

Kifurushi kilifika posta ya Kisii mwezi wa Machi, 1971. Tryphosa alikipokea, akapanda basi la kurudi, akakikumbatia njia nzima bila kuthubutu kukifungua. Nyumbani alimkuta baba yake ameketi nje, ameshavua buti za shambani na kunawa, kama anayengojea mgeni.

Ndani mlikuwa na madaftari matatu na barua fupi ya mama mmoja wa mji wa Bradford, Uingereza. Aliandika kwamba Machogu alikuwa mpangaji wake, mtu mtulivu, na kwamba alihama miaka miwili iliyopita akiwa mzima wa afya. Hakujua alikohamia. Madaftari aliyakuta nyuma ya kabati alipokuwa akipaka rangi chumba, na juu ya jalada palikuwa na anwani ya nyumbani.

"Mzima wa afya," Mzee Ongeri alirudia. "Haya. Na hayo madaftari yanasema nini?"

"Ni masomo yake, Tata," Tryphosa alimjibu baba yake.

"Soma."

Daftari la kwanza lilikuwa la kompyuta. Mwandiko ulikuwa ule ule wa Machogu, uliolala kidogo upande wa kulia. Tryphosa alisoma Kiingereza kimoyomoyo kisha akamfasiria baba yake. Mashine hii haijui kufikiri, Machogu aliandika. Inajua majibu mawili tu, ndiyo na hapana. Swali kubwa lazima livunjwe vipande vidogo, na vipande navyo vivunjwe, mpaka kila kimoja kijibike kwa ndiyo au hapana, kisha vitobolewe kama matundu kwenye kadi ambazo mashine huzisoma.

Mzee alicheka. "Kama shangazi yako. Naye ukimuuliza lolote ni ndiyo au hapana, kisha anafunga mlango."

Daftari la pili lilikuwa la redio. Kurasa za mwanzo zilipendeza: michoro ya antena, mishale, mawimbi yaliyochorwa kwa rula. Wimbi halihitaji waya. Likikutana na mlima hupungua nguvu. Mzee Ongeri aliinua macho akatazama vilima vya ng'ambo ya bonde, kimoja baada ya kingine, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Lakini kadiri Tryphosa alivyofunua, wino mwekundu ulizidi. Majibu yalikatwa kwa alama za mwalimu. Pembeni Machogu alikuwa ameandika: Sielewi. Narudia. Ukurasa mwingine: Narudia mara ya tatu. Baada ya hapo kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ya chuo, yenye mistari mitatu. Ameshindwa mtihani wa mwaka wa pili. Hataendelea.

Ilikuwa na tarehe ya Juni 1966.

Tryphosa aliirudisha karatasi ndani ya daftari bila kubadilisha uso. Alichukua daftari la tatu, akaona si la redio wala la kompyuta. Lilikuwa na maandalio ya masomo ya Kiingereza. Wanafunzi kumi na mmoja, watu wazima, wametoka zamu ya kiwanda cha sufu, wamechoka. Wengi ni Wapakistani, wawili wametoka Poland. Somo la kwanza: kutaja jina lako kwa mtu asiyejali.

"Hilo je?" Mzee aliuliza.

"Haya ni ya juu zaidi, Tata. Siyaelewi."

"Yamekuzidi hata wewe?"

"Yamenizidi."

Furaha iliyomjaa baba yake usoni ilimfanya Tryphosa ainuke haraka, akaingia jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Sabato iliyofuata, Mzee Ongeri alisimama kanisani akawaambia waumini kwamba madaftari ya Machogu yamefika, na kwamba masomo yake yamekuwa makubwa hata binti yake mwalimu ameshindwa kuyafuata. Watu walisema amina. Tryphosa, benchi ya tatu, aliangalia mikono yake.

Daftari la tatu alilisoma peke yake, kila siku, wakati wa chakula cha mchana, chini ya ukingo wa paa la darasa. Hakuwa amewahi kusoma maneno kama yale juu ya kazi yake mwenyewe. Yeye alifundishwa kuandika sentensi ubaoni na kuwafanya watoto waikariri kwa sauti moja. Machogu aliandika hivi: Usimpe mtu kanuni ya jambo ambalo hajapata haja ya kulisema. Mpe haja kwanza. Maneno atayatafuta mwenyewe, nawe utamsaidia anapokwama. Somo la saba lilikuwa la zahanati. Mwanafunzi mmoja ni mgonjwa, mwingine ni muuguzi asiyejua lugha yake, na mgonjwa hapati dawa mpaka aeleze panapouma.

Jumatano moja alilijaribu na darasa la sita. Dakika za mwanzo watoto walitazamana tu. Kisha msichana anayeitwa Nyamusi, ambaye tangu Januari alikuwa hajatamka neno la Kiingereza bila kulazimishwa, alishika tumbo akaanza kulalamika kwa maneno manne aliyoyajua, akayapanga hivi na vile, muuguzi akakataa kuelewa, Nyamusi akakasirika kweli kweli na kutoa sentensi nzima. Darasa likalipuka. Mwalimu mkuu, Bwana Ishmael Nyangau, alitokea mlangoni na fimbo yake.

"Mwalimu Tryphosa, hawa wanapigana?"

"Hapana, Bwana Mkuu. Wanaumwa."

Bwana Nyangau alisimama pale mpaka kengele ikalia. Fimbo aliiweka nyuma ya mgongo.

Siku hiyo hiyo Tryphosa aliandika barua. Pembeni mwa ukurasa mmoja Machogu alikuwa ameandika jina la ukumbi wa kanisa ambako darasa la jioni lilikutana, na mtaa wake. Hakuuliza kwa nini amekaa kimya. Hakutaja karatasi ya chuo. Alieleza jinsi somo la saba lilivyokwenda na darasa la sita, mahali lilipokwama, na akauliza somo la nane angelifanyaje na watoto ambao hawajawahi kuona kiwanda. Aliitia kwenye sanduku la posta mwenyewe, kisha akarudi hatua tatu kuhakikisha imeangukia ndani.

Aprili ikapita. Mei ikapita na mvua zake. Tryphosa alikonda. Alizoea kuamka kabla ya jogoo na kufagia uwanja uliokwisha fagiwa, na shuleni alitembea kati ya madawati mpaka watoto wakaanza kumwiga. Mara alijiambia pengine Machogu amehama mji, mara akajiambia ameisoma na kuichana.

Mwezi wa Juni mchungaji alikuja nyumbani. Alikuwa amesikia kwamba serikali inatafuta vijana wa kufanya kazi kwenye mitambo ya redio na simu. Alitaka kanisa liiandikie serikali barua ili Machogu awekewe nafasi kabla hajarudi.

"Nasi tunaye mwandishi humu humu," mchungaji alisema akicheka. "Mwalimu, tuandikie kwa Kiingereza kizuri. Sema ni mhandisi wa redio na kompyuta."

Baba yake alimletea karatasi na kalamu kwa mikono miwili. Tryphosa aliandika tarehe. Akaandika "Bwana Mheshimiwa". Akaishika kalamu juu ya karatasi, tone la wino likaanguka, naye akasema kichwa kinamuuma, ataimaliza kesho.

Kesho yake asubuhi alimfuata baba yake shambani. Mzee Ongeri alikuwa katikati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, vidole vinakwenda.

"Tata, siwezi kuiandika ile barua."

"Bado kichwa?"

"Si kichwa. Machogu alishindwa masomo ya redio tangu sitini na sita. Daftari la tatu si la juu zaidi. Ni la kufundisha Kiingereza. Anawafundisha watu wa viwandani. Au alikuwa akiwafundisha."

Vidole vya mzee havikusimama mara moja. Vilichuma majani mengine mawili matatu, kisha vikatulia.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya kifurushi."

"Kwa hiyo nilisimama kanisani nikasema uongo, nawe uko benchi ya tatu unanitazama."

"Ndiyo, Tata."

Mzee alimpa mgongo na kuendelea kuchuma. Siku tisa hakumsemesha. Alikula chakula alichopika, akaweka sahani chini, akatoka. Tryphosa alifikiri afadhali angepiga kelele. Alifikiria kuomba uhamisho, kwenda Nyamira au popote, na aliandika ombi hilo mara mbili akalichana mara mbili.

Sabato ya pili, baada ya matangazo, Mzee Ongeri alisimama tena.

"Niliwaambia jambo hapa ambalo halikuwa kweli," alisema. "Nililisema kwa sababu sikujua. Sasa najua. Mwanangu alishindwa masomo ya redio. Amekuwa mwalimu wa Kiingereza, anafundisha watu wazima. Mlichanga kwa jambo moja, limekuwa jingine. Ndiyo habari."

Mtu alikohoa. Mama mmoja mzee anayeitwa Kemuma, aliyekuwa amemtoa tetea wake wa pekee mwaka ule wa sitini na nne, aliuliza kwa sauti kutoka nyuma:

"Kwani amekufa?"

"Hajafa."

"Basi aambiwe arudi. Mimi kuku wangu sikumpa redio. Nilimpa Machogu."

Watu wakacheka, kwanza kwa woga, kisha kweli. Mzee Ongeri alikaa chini na kujifuta uso kwa leso. Walipokuwa wakitembea kurudi nyumbani, alimwambia Tryphosa, bila kumtazama, "Wewe ungeniambia mimi. Nisingekula mtu."

"Niliogopa furaha yako, Tata."

"Furaha," mzee alisema, akatangulia mbele kuelekea nyumbani.

Jibu la Machogu lilikuja Agosti. Kurasa nne. Tatu zilikuwa za somo la nane: aache kiwanda, atumie soko, muuzaji na mnunuzi ambao kila mmoja anafikiri mwenzake ni kiziwi. Ya nne iliandikwa kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani, kwa haraka. Barua yako nimeisoma nimesimama barabarani. Nilidhani nikinyamaza mtanisahau kabla ya kujua. Tata anajua?

Tryphosa alimsomea baba yake ukurasa huo wa nne mara mbili. Mzee alitaka kuandika jibu mwenyewe. Hakuwa mwandishi, ilimchukua alasiri nzima, na alipomaliza palikuwa na mistari miwili tu: Najua. Njoo.

Machogu hakuja mara moja. Alijitafutia nauli, akaahirisha, akaandika kwamba anakuja, akaandika kwamba bado. Alishuka basi Nyamache Desemba 1972, mwembamba, kipara kimeanza. Mzee Ongeri alimshika mkono kwa muda mrefu, kisha akamwambia kinyozi wa Uingereza amemwibia nywele, na hapo wote watatu wakacheka na kulia kwa pamoja mbele ya maduka.

Wiki ile ile Bwana Nyangau alimwita Machogu ofisini kumwomba afundishe, kwani Tryphosa alikuwa amepata nafasi ya mwaka mmoja chuoni, na darasa la sita halingekuwa na mwalimu. Ombi la chuo Tryphosa alikuwa amelituma mwezi wa Septemba bila kumwambia mtu.

"Unakwenda kusoma nini?" Machogu alimuuliza jioni ya kabla ya safari, akimsaidia kufunga sanduku.

"Kufundisha walimu wa Kiingereza. Nikifaulu."

"Na usipofaulu?"

Tryphosa alikaza kamba ya sanduku kwa goti. "Nitaandika barua siku ile ile," alisema.