Dakika za Fundi Miwani

Jumamosi, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, fundi miwani alikuwa amesimama jikoni kwa mguu mmoja, anafunga kamba za kiatu cha mguu wa pili, huku mayai sita yakichemka jikoni na sare za shule zikizunguka kwenye mashine ya kufulia. Mwaka jana alikimbia nusu marathoni, kilomita ishirini na moja na ushei, kwa saa mbili na dakika kumi na nne. Mwaka huu alitaka chini ya saa mbili. Hakuwa na sababu kubwa. Kutwa yuko dukani anasaga vioo vya miwani za wenzake, anapima umbali wa mboni na mboni kwa rula ndogo, anakaza skrubu ambazo ukipiga chafya tu zimepotea, halafu jioni anarudi nyumbani kukaza mengine. Alitaka kitu kimoja ambacho akikifanya vizuri, kinakuwa cha kwake.

Akazima mayai, akatoka.

Alizikimbia kilomita zilezile, akarudi baada ya saa mbili na dakika kumi na moja, si kwa kijasho chembamba, jasho lenyewe. Akafungua mlango wa jikoni, na dakika tatu zikaingia nyuma yake.

Siku hiyo hakuna aliyeziona. Zilionekana Jumatatu, na aliyeziona ni kifungua mimba wake, binti wa miaka minane, kwa sababu darasani walikuwa wanajifunza kusoma saa, na pale nyumbani yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiitazama saa ya ukutani bila kugombana nayo.

"Mama," akasema, "sa... sa... saa imesimama. Lakini sisi ha... hatujasimama."

Ni kweli. Ilikuwa saa kumi na mbili kamili na mshale wa sekunde umetulia tuli. Simu nazo vivyo hivyo. Nje ya dirisha, pikipiki ya mkate ilikuwa imelala upande kwenye kona, haiendi wala haianguki. Humo jikoni chai ilichemka vizuri tu. Baada ya dakika tatu pikipiki ikamaliza kona yake na mshale ukaendelea na safari.

"Ni zile nilizopunguza Jumamosi," fundi akasema, akageuza mkate kwenye kikaango.

"Aa," mtoto akasema.

Sasa huyu mtoto alikuwa na kigugumizi. Maneno alikuwa nayo, tena mengi kuliko watu wote wa ile nyumba, ila kila moja lilipita kwenye mlango mwembamba, na asubuhi hakuna aliyekuwa na muda wa kulisubiri. Kwa hiyo walimmalizia. Baba yake, mwalimu wa hesabu, alimmalizia. Bibi, mama mzaa baba, alimmalizia. Hata kitinda mimba wa miaka mitatu, ambaye hata viatu bado anavaa kushoto kulia, alimmalizia. Walifanya kwa mapenzi kabisa, na karibu kila mara walikosea. Akianza, "Mwalimu wetu ame...", baba anadakia, "Amewapa kazi ya nyumbani, haya, vaa viatu." Kumbe mwalimu amejifungua mapacha. Habari za wale mapacha zilifika pale nyumbani wiki mbili baadaye, zikiletwa na mzazi mwingine, na baba akamuuliza binti yake mbona hakusema.

Jumanne, saa kumi na mbili kamili iliposimama, fundi aligeuza ndoo, akaikalia, akaweka mikono mapajani. Mtoto akasimulia habari za mjusi anayeishi nyuma ya ubao darasani na kutoka kwenye hesabu za saba tu. Fundi hakudakia hata neno moja. Lilipokwama, alilisubiri, kama anavyosubiri kioo kwenye mashine ya kusagia, kwamba ukikisukuma unakivunja. Dakika tatu zilitosha kwa mjusi na mkia wake.

Basi akaanza kukimbia kweli. Jumamosi iliyofuata alipunguza nyingine tatu, zikawa sita. Kocha, mzee mwenye filimbi shingoni na magoti mawili yaliyostaafu kabla yake, alimwangalia akipita akacheka.

"Wewe fundi, unakimbia kama umeiba!"

"Kocha, zile ninazopunguza zinakuja nyumbani."

"Ndiyo, zinafuata miguu. Mlango wa kwanza utakaoufungua, ndio zinaingia. Mimi enzi zangu nilifikisha ishirini na saba, mke wangu akazilalia zote." Akafuta filimbi kwa fulana. "Kwako nani anazitumia?"

"Mimi na binti yangu. Tunaongea."

"Basi nyamaza hivyo hivyo," kocha akasema, akaenda kumfokea mwingine.

Fundi angenyamaza, lakini dakika hazina siri. Zilipofika kumi na mbili, maana siku hizo alikuwa anakimbia saa mbili na dakika mbili, baba watoto aliingia jikoni kutafuta mkanda wa suruali, akaona saa haiendi. Akaiangalia ya mkononi mwake. Akaangalia nje, akaona pikipiki.

"Hii imeanza lini?"

"Huu ni mwezi wa pili sasa."

"Na mimi kila siku nachelewa gwaride la asubuhi!"

Hakununa, si mtu wa kununa. Jumapili jioni aliitisha kikao cha familia. Alikuja na karatasi ya miraba, rula na kalamu mbili za rangi, akachora ratiba nzuri kuliko hata ya shuleni kwake. Dakika ya kwanza hadi ya tatu, mashati yapigwe pasi. Ya nne hadi ya sita, miguu ya bibi ichuliwe. Ya saba hadi ya tisa, kitinda mimba apelekwe msalani na asiharakishwe. Ya kumi hadi ya kumi na mbili, mabegi na chakula cha mchana. Safu ya jina la mhusika hakuiweka. Haikuhitajika.

"Mwanangu ana kichwa huyu," bibi akasema, akinyoosha mguu ili uzoee.

"Na sisi?" fundi akauliza.

"Nyie kina nani?"

"Mimi na huyu. Tulikuwa tunaongea."

Baba watoto akaitazama ratiba kwa moyo wote, akitafuta nafasi, maana alimpenda mke wake na binti yake pia. "Si mtaongea huku unapiga pasi?" akasema. "Wewe si uko macho tayari, mama?"

Ikabandikwa kwenye friji. Kule dukani bosi naye akasikia, akaomba dakika mbili tu za kuhakiki daftari la oda, akapewa kwenye zile za mabegi.

Wakajaribu kuongea huku pasi inapita. Alhamisi moja mtoto alisimama kando ya meza, macho yanang'aa, ana jambo.

"Mama, ja... jana wali... wali..."

Pasi ilikuwa ya moto, kola ya shati imekunjamana, bibi anaita kutoka chumbani, kitinda mimba ameketi msalani anaimba.

"Walikuchagua, najua, hongera, nipe hanga hiyo," fundi akasema.

Mtoto akampa hanga. Hawakuwa wamemchagua. Walichokuwa wamefanya hakukisema siku hiyo, wala Ijumaa, na Jumatatu alikunywa chai yake akiwa ameuangalia ukuta. Nyumba haikuona tofauti. Bibi alisema mtoto amekua, ametulia. Fundi peke yake ndiye aliyejua kilichotokea, kwamba mtu mmoja tu aliyekuwa hammalizii na yeye amemmalizia, na usiku kucha sauti yake mwenyewe ilimrudia: nipe hanga hiyo.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya mashindano. Alikimbia kabla ya kazi na akakimbia kurudi kutoka kazini, mkoba wa dukani mgongoni, skrubu zikilia ndani ya kopo lake. Akapanda ngazi za jengo la duka mara kumi wakati wenzake wanakula. Lakini kila alipokimbia alihakikisha hazidi pale alipofikia. Akihisi anapita, anapunguza, anafunga kamba za kiatu ambazo hazijafunguka, anasalimia watu asiowajua. Hakutaka hata dakika moja iingie jikoni kabla ya siku yenyewe.

Siku ya mashindano familia haikwenda. Baba watoto alikuwa na mitihani ya darasa zima ya kusahihisha, bibi miguu, na ukimtoa kitinda mimba nyumbani asubuhi unahitaji mwezi wa maandalizi. Wakampungia dirishani. Kifungua mimba alipunga mara moja tu.

"Leo usitazame saa," kocha alimwambia pale mwanzo. "Mtafute mtu mwenye mgongo mzuri, umfuate."

Akampata mwanamume mrefu wa fulana ya njano, akaufuata mgongo ule kilomita kumi na tano bila kumwona uso. Kilomita ya kumi na saba, paja la kushoto likasema inatosha. Fundi akaliambia ngoja kwanza. Kilomita ya kumi na tisa yule wa njano akachoka, akasogea pembeni, na mbele hapakuwa tena na mgongo wa mtu, barabara tu. Akaenda hivyo hivyo, mdomo wazi, mikono inachota hewa, na alipovuka mstari saa kubwa ya hapo ilikuwa imeandika saa moja, dakika hamsini na nane. Kocha alipuliza filimbi mpaka akaambiwa aache. Fundi akakaa chini kwenye lami, akalia kidogo, akanywa maji, akavuliwa viatu na mtu asiyemjua.

Nyumbani hakuingia kwa mlango wa jikoni. Alizunguka nyuma, akafungua stoo, mahali pa mafagio, makopo ya rangi yaliyobaki na sanduku la nguo zilizowabana watoto. Akasimama mlangoni mpaka dakika nne zote zimeingia ndani. Akafunga taratibu. Kisha ndipo akaenda jikoni.

"Vipi?" baba watoto akasimama, kalamu nyekundu sikioni.

"Saa mbili na dakika mbili."

"Palepale?"

"Palepale."

"Pole, mke wangu." Akamkumbatia pamoja na jasho lake lote. "Mwakani utaipata, mimi nakwambia. Kwetu sisi wewe ni mshindi hata hivyo." Akamkalisha, akampikia chai kwa mikono yake, akauliza mara mbili tu sukari iko wapi. Bibi alisema kukimbia kwenyewe ni afya. Matokeo yalitolewa mtandaoni jioni ileile, na jina lake na muda wake vilikuwepo, ila pale nyumbani hakuna aliyepata nafasi ya kuyafungua.

Kuanzia Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika kumi, mashati yakiwa yameshapigwa pasi na miguu ya bibi imeshachuliwa, fundi alisema, "Njoo tutafute fagio." Mtoto akamfuata. Wakafunga mlango. Nje ya stoo nyumba ikatulia: baba watoto ameingiza mguu mmoja kwenye suruali, bibi yuko katikati ya kupiga mwayo, maji ya bomba yananing'inia kama kamba. Fundi akakalia kopo la rangi. Mtoto akakalia sanduku. Dakika nne zikapita na hakuna aliyesema kitu.

Jumanne hivyo hivyo. Jumatano mtoto aliuliza kama humo kuna panya. Fundi akasema alikuwepo, amehama.

Alhamisi mtoto aliona medali ya mashindano, imefichwa nyuma ya makopo. Akaishika, akaigeuza.

"Mama. Ulikimbia kwa mu... mu... muda gani kweli?"

"Saa moja na dakika hamsini na nane."

Mtoto akairudisha medali mahali pake, akaketi vizuri, magoti pamoja, kama mtu anayetaka kuanza kazi.

"Ho..." akasema. "Ho... ho..."

Fundi alilijua hilo neno. Yeyote angelijua, hata kitinda mimba. Lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi wa mama mtu, lote, na angeweza kumpa. Akaweka mikono mapajani. Neno likaja likarudi, likaja, likashika kwenye meno, mtoto akafumba macho, akapumua, akaanza tena tangu mwanzo. Ikapita dakika moja. Ikapita na nusu.

"Hongera, mama."

"Asante, mwanangu."

Zilikuwa zimebaki dakika mbili na kidogo. Mtoto akaja kukaa naye kwenye kopo la rangi, ambalo lilikuwa dogo kwa watu wawili, na wakakaa.

Walipofungua mlango, maji yakaanguka kwenye sinki, bibi akamalizia mwayo wake, na baba watoto akaingiza mguu wa pili kwenye suruali.

"Mama watoto, funguo zangu umeziona?"

Alikuwa ameziona.