Jaketi Lililoshonwa Bila Kuulizwa

Maneno yalimfikia fundi cherehani kupitia kwa mteja, tena mteja aliyekuwa amesimama juu ya kigoda, kiuno cha sketi kimejaa pini, hawezi kukimbia wala kukimbiwa. Yalikuwa hivi: mpangaji wa chumba cha nyuma, yule muuza miwani mpole, hakuhama. Aliuawa. Waliomuua ni kile kikundi cha vijana wa nguo nyeusi wanaopiga makelele chini ya duka la matairi. Na mmoja wao, samahani sana mama, ni binti yako.

"Alionekana alfajiri," mteja alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba sketi ina masikio. "Yeye na mwenzake wamebeba kitu kirefu, kimefungwa kwenye shuka la maua. Mmoja upande wa kichwa, mmoja upande wa miguu."

"Hicho kitu kina kichwa?"

"Mimi sikuwepo, fundi. Nasema nilivyosikia."

Fundi akamaliza kuchomeka pini zake. Mteja alipoondoka, alikwenda kabatini kutafuta shuka lake la maua. Alilikuta limekunjwa vizuri, linanukia sabuni. Akalirudisha upesi na kufunga kabati, maana shuka lile hakulifua yeye.

Asiye na mtoto anaweza kuacha kusoma hapa. Mwenye naye asogee karibu, kwa sababu haya yanaandikwa kwa ajili yake.

Binti huyo alikuwa kitindamimba, na ndiye pekee aliyebaki nyumbani. Alifanya kazi kwa dobi, akipiga pasi na kutoa madoa, na wenzake walimwita Msumari. Alipenda vitu viwili tu duniani, na mama yake hakujua kipi kibaya zaidi. Cha kwanza ni muziki wa panki, ule wa bendi zisizopigwa redioni, zinazorekodi kwenye mabafu na kuuza kanda mkono kwa mkono. Cha pili ni visa vya mauaji, vya kweli, vyenye tarehe na picha ya nyumba ilipotokea. Ukuta wa chumba chake ulijaa mafuvu ya kuchorwa kwa mkono na vipande vya magazeti. Wakati wa chai alikuwa akisema, "Mama, unajua yule mwenye nyumba aliyewafukia wapangaji chini ya jiko, alikuwa bado anawapokelea barua zao?" Mama anajibu, "Kunywa chai." Siku nyingine aliinua macho kwenye sahani akasema, "Damu haitaki maji moto. Maji moto yanaipika kwenye kitambaa. Ni maji baridi tu." Alisema hivyo kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Maneno hayo ya maji baridi sasa yalimrudia fundi.

Mama mwingine angemwita mwanawe akamuuliza. Huyu alikwenda kuuliza majirani. Akamuuliza wa mbele, akamuuliza wa pembeni, na kila aliyeulizwa alikuwa hajui kitu asubuhi lakini jioni anajua kila kitu. Mwisho akamuuliza wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Wifi ndiye aliyekuwa na sauti ya mwisho katika nyumba ile, kwa kuwa iliachwa na baba yao.

Wifi alikuwa akiingojea siku hiyo.

"Nilisema mimi," alisema, akiwa amekaa upande upande kwenye kiti cha wateja. "Mtoto anayelala chini ya mafuvu ataamka na nini? Nilimkataza yule muuza miwani kugonga ndoo zake, nikamwambia nikisikia tena navunja. Hakubisha. Mtu mpole vile anaondoka bila kuaga? Anaondokaje?"

"Labda aliona haya."

"Wifi, acha. Jumamosi nataka chumba kile cha mafuvu kiwe cheupe. Vitu vyote vichomwe. La sivyo mwanao atafute pa kulala, na nimeshamwambia mwenyewe pale mlangoni kwa dobi."

Fundi alijua wifi hatanii. Akaingia chumbani kwa binti, wifi nyuma yake akionyesha kwa kidole hiki na hiki. Alibandua picha moja, mikono ikagoma. Macho yakaangukia jaketi jeusi nyuma ya mlango, lile ambalo binti alilivaa kila mwisho wa wiki. Maskini jaketi lenyewe. Lilikuwa limepasuka mgongoni, limepasuka mikononi, limepasuka kifuani, limeshikizwa kwa pini za watoto wachanga kama mgonjwa aliyetoroka hospitali.

Huyu mama hakuwahi kuchoma kitambaa tangu ajue kushika sindano. Hata vipande vya chini ya meza alivijaza kwenye mito. Akamwambia wifi, "Hili nitalishughulikia mimi."

Na akalishughulikia. Alitoa pini zote. Akaunga kila mpasuko kwa mkono, mshono wa ndani, ule ambao hauonekani hata ukiutafuta kwa kioo cha kukuzia. Akatia bitana ya kahawia upande wa ndani, na vifungo vipya. Akalinyoosha kwa pasi. Kichwani mwake alikuwa amefanya hesabu ya kimama: jaketi likitulia, binti atatulia, wifi atatulia, na yule muuza miwani, Mungu amweke alipo, hatatajwa tena. Akalirudisha nyuma ya mlango, akajiona kafanya kazi nzuri kuliko zote za mwaka ule.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana binti aliingia kuvaa.

"Mama. Nani ameshika jaketi langu?"

"Lilikuwa limechanika, mwanangu."

"Nililichana mimi."

"Ulilichana kwa makusudi? Kitambaa kizuri vile?"

Binti aliketi kitandani, jaketi magotini, akawa analipapasa kama kipofu. "Hapa alikuwepo muuza maziwa. Alikutwa kwenye mfereji, gazeti likampa mistari miwili, chini yake tangazo la magodoro. Hapa dada wa stesheni. Hapa wale mapacha. Kila kisa ambacho hakuna aliyekamatwa, nachana mahali. Watu wakiniuliza huu mpasuko ni wa nini, nawasimulia. Ndiyo kazi yake." Alitafuta mgongoni kwa kucha, hakuona hata pa kushika. "Umewafukia tena, mama. Tena kwa mshono safi."

Hapo mama angeomba msamaha, yangeishia hapo. Lakini hofu ilikuwa imeshamjaa mpaka mdomoni.

"Na muuza miwani," akasema, "utamchania wapi?"

Binti alimtazama mama yake kama mtu aliyefika nyumbani akakuta kitasa kimebadilishwa.

"Kumbe na wewe."

"Nimeliona shuka. Nani alilifua?"

"Mimi. Kwa maji baridi. Ungeniuliza, mama. Unalala ukuta wa pili. Ungegonga tu." Akaanza kusukumiza nguo kwenye begi. "Shangazi kanipa mpaka leo. Sitamsumbua. Wala wewe sitakusumbua."

Alitoka na begi begani, mikono mitupu. Jaketi alililaza kitandani, limekaa vizuri, limenyooka kama la karani.

Fundi alibaki nalo. Aliwaza kumfuata wifi, akawaza kulala. Mwisho alichukua kile chuma kidogo cha kufumulia nyuzi, akakaa dirishani penye mwanga. Alianza na mgongo. Uzi uliposhindwa kukaa, mpasuko ukafunguka kama mdomo, na ndani, kwenye upande wa chini wa kitambaa, aliona neno dogo la wino: maziwa. Sindano yake ilikuwa imepita juu ya neno lile bila kulisoma. Akafungua mwingine: stesheni. Hapo hakuinua tena kichwa mpaka amefungua yote, na bitana akaing'oa kwa hasira.

Pini hakukumbuka zilikaa wapi, akaziweka mfukoni. Kisha akajiuliza atalibebaje mpaka kwa binti, chini ya duka la matairi. Akilikunja kwapani ataonekana anaficha kitu, na siku zile kila kitu kilichokunjwa kilikuwa maiti. Basi akalivaa. Lilimbana mabegani. Akapita nalo barabarani mchana kweupe, mbele ya wa mbele na mbele ya wa pembeni, na aliyemsalimu alijibiwa, na aliyeduwaa aliachwa aduwae.

Kushuka chini ya duka la matairi kulikuwa na ngazi za saruji na harufu ya mpira. Kuta zilibandikwa trei za mayai ili sauti isitoke, lakini ilitoka. Ilikuwa kama cherehani kumi zilizokosa mafuta zinagombana ndani ya pipa. Watu walikuwa wanarukiana, mabega kwa mabega. Fundi alijibana ukutani akitafuta damu kwa macho. Alichoona ni muuguzi wa zahanati, bado ana sare yake, ameanguka chali, na mikono isiyopungua sita ikimwinua kabla hajagusa sakafu sawasawa. Kule kwao kanisani mtu akianguka huwa wanamsubiri aamke mwenyewe.

Muziki ukakata. Mwimbaji, mwanamke mnene mwenye sauti iliyopasuka, alisimulia kwa ufupi habari za mzee mmoja mlinzi aliyekutwa kisimani, na jinsi jalada lake lilivyofungwa kabla matanga hayajaisha.

"Nani aliuliza?" akauliza.

"Sisi," wakajibu wote, na ngoma ikaingia.

Ndipo fundi alipomwona mpiga ngoma. Hakuwa na miwani, alikuwa na kitambaa kidoleni, na alikuwa mzima wa afya kuliko alivyokuwa chumba cha nyuma. Wimbo ulipokwisha alimfuata.

"Shikamoo, mama," marehemu akasema.

"Marahaba. Umekufa lini?"

"Mimi?"

"Mtaa mzima umekuzika. Nilibaki mimi kutoa sanda, na wanasema ilikuwa shuka langu."

Kijana akacheka mpaka akashika meza. "Lile shuka ndilo tulilofungia vyuma vya ngoma. Kimoja kilinikata kidole, nikalichafua. Msumari akasema atalifua kabla hujajua. Mama mwenye nyumba aliapa kuvunja ngoma, nikaona niondoke kabla hajaamka. Ufunguo niliuacha juu ya fremu ya mlango."

Binti alikuwa amesimama karibu na spika, anamtazama mama yake ndani ya jaketi. Hakukimbilia kumkumbatia. Alikuja akashika mpasuko wa kifuani, akauchungulia, akaona neno lake lipo.

"Linakubana," akasema.

"Nitalitoa mabegani kidogo."

"Usilitoe bila kuniuliza."

"Si ndiyo nakuuliza?"

Kabla hajajibiwa, mlango wa juu uligongwa kwa kiatu. Fundi alipanda mwenyewe. Juu ya ngazi walisimama wifi, kiongozi wa mtaa, na yule mteja wa sketi, ambaye safari hii aliamua kuwepo.

"Fundi," kiongozi wa mtaa alianza kwa upole, "tumeletewa habari. Binti yako yumo humu?"

"Yumo. Na mimi nimo."

"Na hilo vazi?" mteja akauliza.

"Unalipenda? Njoo nikupime."

Wifi akasogea. "Wifi, hii ni aibu. Kuna mtu amekufa."

"Yuko chini, anapumzika kati ya nyimbo mbili. Anakusalimu. Anasema ufunguo wako uko juu ya fremu ya mlango. Kiongozi, karibu ushuke umwone, lakini shuka peke yako, humu hakuna nafasi ya watu wanaosema walivyosikia."

Kiongozi alishuka. Wakabaki watatu, wakisikiliza sauti ya marehemu akimwamkia mkubwa wake. Mteja akakumbuka kwamba ameacha kitu jikoni.

"Hata hivyo," wifi akasema, "chumba kile nilishasema. Nyumba ile ni ya baba yetu."

"Ni ya baba yenu, ndiyo. Na mume wangu alizaliwa humo, na binti huyu pia. Ukuta wake utabaki na mafuvu yake, na yule niliyembandua nitambandika leo hii. Ukitaka yeye atoke, nitoe mimi kwanza, na cherehani yangu, na meza. Na juu ya meza kuna nguo yako ya harusi ya mwanao, wifi. Haijatiwa mikono."

Wifi akauliza mikono itatiwa lini. Kiongozi alikuwa anapanda ngazi akijipangusa jasho, na alichosema kilikuwa kimoja tu, kwamba huyo marehemu anapiga ngoma vizuri. Fundi akarudi chini. Begi la binti lilikuwa kwenye kona nyuma ya spika. Alilisogeza mbali na miguu ya watu, akakaa juu yake, na hakulibeba kwenda nyumbani mpaka bendi ilipomaliza.

Basi, wewe uliyesogea karibu, haya ndiyo ya kuepuka:

Usimuulize jirani habari za mwanao kabla hujamuuliza mwanao. Gonga ukuta.

Usiingie chumbani kwake na mtu mwingine, hata kama huyo mtu ana nyumba.

Kitu kilichobebwa alfajiri ndani ya shuka, usikihukumu mpaka kimefunguliwa.

Usishone, usifue wala usinyooshe vazi ambalo mwenyewe hajasema limeharibika.

Usimkataze kusoma habari za waliouawa. Mkataze kusoma wakati wa kula.

Usijibu shutuma ukiwa umekaa.

Usisimame karibu na spika bila pamba masikioni.

Damu usiitie maji moto.